Unasali Wapi?

Wapenzi mama na dada zangu, Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Nimetoa salamu mbili kwa makusudi. Najua wapo walioitikia ile ya kwanza, "Milele, amina," hata kabla ya kufikiri, na wapo walioiruka wakangojea ya pili ndipo wakaitika. Gazeti hili linasomwa na hao wote, na salamu peke yake inatosha kumwambia jirani yako unakosali. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya majina tunayopeana sisi Wakristo: Mkatoliki, Mprotestanti, mlokole, Msabato, Shahidi. Tunayatamka kila siku kanisani, sokoni, msibani na katika vikao vya arusi. Mara nyingi tunayatamka vibaya, na mimi kwa kazi yangu ya uuguzi nimeona jina lililokosewa likimfikisha mtu pabaya.

Nianze na mama mmoja wa Kilutheri aliyeniandikia. Binti yake ameposwa na kijana Mkatoliki, na ndugu wa upande wa baba wamegoma kuchangia arusi kwa sababu, wanasema, "mtoto anabadili dini". Mama anauliza kama kweli mtoto wake anaacha dini, na kama atabatizwa upya.

Mama mpendwa, dini ya binti yako ni Ukristo, na dini ya huyo kijana ni Ukristo. Atokaye kwa Waluteri kwenda kwa Wakatoliki hajabadili dini. Amehama kanisa, au kama tulivyozoea kusema, amebadili dhehebu. (Hata neno "dhehebu" lina wenyewe. Wakatoliki wengi hawalipendi likitumika kwa Kanisa lao, na Waorthodoksi vivyo hivyo. Ndiyo maana mimi huuliza "kanisa gani", nikaepuka ugomvi.) Kisha, Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Kilutheri, kwa maana umefanyika kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Binti akiamua mwenyewe kuwa Mkatoliki atafundishwa, ataikiri imani hiyo na kupewa kipaimara, lakini habatizwi mara ya pili. Akiamua kubaki Mluteri, ndoa inaweza kufungwa vilevile kwa ruhusa ya Askofu wa jimbo. Hapo kijana ndiye atakayeahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na binti ataelezwa ahadi hiyo waziwazi. Mzungumzie jambo hilo la watoto sasa, kabla ya kukata vitambaa. Nendeni kwa paroko, na nendeni pia kwa mchungaji wenu asisikie habari hizi barabarani. Cheti cha ubatizo kitafutwe mapema. Kama kimepotea, kitabu cha ubatizo kipo usharikani alikobatiziwa.

Angalia basi jinsi neno moja lilivyoleta kilio katika nyumba ile. Ndoa ya Mkristo na mtu asiyebatizwa ni jambo jingine katika sheria za Kanisa Katoliki, lina kibali chake cha namna nyingine. Huyu shangazi anayesema "dini" anamweka binti ya kaka yake katika fungu lisilo lake.

Upo usemi mwingine unaofanana na huo, nao nimeusikia tangu utotoni: "Wewe ni Mkristo au Mkatoliki?" Wanaouliza hivyo si watu wabaya. Wamekulia mahali ambapo misheni ya kwanza ilikuwa moja, ikajiita "Wakristo" tu, na waliokuja baadaye wakaitwa kwa jina lao. Lakini fikiri jinsi swali hilo linavyomfikia bibi Mkatoliki aliyebatizwa miaka sabini iliyopita! Neno lenyewe "katoliki" ni la Kigiriki, maana yake ni la wote, la ulimwengu mzima. Na imani iliyotungwa kuanzia Nikea mwaka 325, ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 1700, inakiriwa na Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Waluteri na Wamoravian.

Wakatoliki nao wana lao. Kwa wengi wao kila asiyekwenda Misa ni "Mprotestanti", awe Mluteri, Msabato au mtu wa kanisa lililofunguliwa juzi chini ya turubai. Jina Mprotestanti lilianza Ujerumani mwaka 1529, watawala waliofuata mafundisho ya Luther walipotoa pingamizi lao katika mkutano wa Speyer. Linawafaa Waluteri na ndugu zao wa karibu. Kwa Wamoravian lina kasoro, maana wazee wao walikuwapo kabla ya Luther: Jan Hus alichomwa moto mwaka 1415, na wafuasi wake wakaunda umoja wao mwaka 1457, miaka 60 kabla Luther hajaandika hoja zake 95. Mama wa Rungwe, ambako Wamoravian walifika mwaka 1891, ana haki ya kutabasamu akiambiwa kwamba kanisa lake limetoka kwa Luther.

Sasa niingie wodini, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kwamba mambo haya si ya ubishi wa kahawa tu.

Katika hospitali moja niliyofanya kazi, mama mmoja alijifungua salama, kondo la nyuma likatoka, ila mfuko wa uzazi haukujikaza. Damu ikawa inatoka kama bomba. Daktari wa zamu akaagiza chupa mbili za damu. Nesi kijana, mchapakazi kabisa, akafungua faili akasoma: "Msabato". Akasema, "Daktari, hawa hawapokei damu." Ikaanza kutafutwa fomu ya kukataa matibabu. Ikapigwa simu kwa mume aliyekuwa safarini. Nilipoitwa kutoka wodi ya jirani kuja kusaidia, nilimkuta mama midomo imekuwa myeupe, watu wanajadiliana juu ya kichwa chake. Ni yeye mwenyewe aliyesikia neno "damu" akauliza kuna nini. Alipoelezwa akasema kwa sauti ndogo, "Mimi Msabato. Hao mnaowasema ni wengine. Nitieni." Akatiwa, akapona, akaenda nyumbani na mtoto wake. Lakini zilikuwa zimepita dakika kama ishirini, na aliyefanya kazi leba anajua dakika ishirini ni nini kwa mama anayevuja damu.

Tuwatofautishe basi. Waadventista Wasabato walijiunga rasmi kuwa kanisa huko Marekani mwaka 1863, na huku kwetu walianzia Upare mwaka 1903. Wanaitunza Jumamosi, wanabatiza watu wazima kwa kuzamisha, wanangojea marejeo ya Kristo, hawali nguruwe, na wengi hawanywi hata chai ya rangi. Damu wanapokea, na hospitali zao wenyewe zinatia watu damu. Mashahidi wa Yehova wametokana na wanafunzi wa Biblia waliokusanywa na Charles Taze Russell, Marekani pia, kuanzia miaka ya 1870, na jina hili walilichukua mwaka 1931. Hawa ndio wasiopokea damu, wakishika agizo la Matendo ya Mitume sura ya 15 kwa namna wanavyolielewa wao. Hawasherehekei Krismasi wala siku ya kuzaliwa. Nyama ya nguruwe hawakatazani, ilimradi mnyama amechinjwa na damu imetoka. Nadhani watu wanawachanganya kwa kuwa wote wawili hupita nyumba hadi nyumba na vitabu mkononi, na wote huzungumza sana juu ya siku za mwisho. Lakini kwa muuguzi kuchanganya hao wawili ni sawa na kuchanganya chupa mbili za dawa kwa sababu vifuniko vyake vinafanana.

Na hata ukilipata jina sahihi, kazi haijaisha. Shahidi mmoja hukataa damu na kila kilichotengenezwa kutoka humo. Mwingine hukubali baadhi ya dawa zinazotokana na sehemu ndogondogo za damu, maana jambo hilo wameachiwa dhamiri ya kila mmoja. Wengi hubeba kadi inayoeleza wanachokubali. Muulize mwenyewe, peke yake, ndugu na wazee wa kanisa wakiwa nje ya pazia, kabla uchungu haujapamba moto. Jina lililoandikwa kwenye faili linakuambia swali la kuuliza. Jibu analo mgonjwa.

Nisije nikaonekana ninawasema manesi vijana tu. Fomu zenyewe zina kosa. Mahali pengi pameandikwa "Dini", na karani anajaza "Mkristo". Saa nane za usiku mzee anakata roho na mkewe anataka aitwe mtumishi wa Mungu. Umwite nani? Ukimleta mchungaji wa Kipentekoste kwa mzee Mkatoliki ataomba vizuri sana, lakini mzee alikuwa anangojea padre na Mpako wa Wagonjwa, na padre yuko mita mia tatu kutoka pale amelala. (Wakatoliki wenzangu kazini hupenda kunisahihisha: siku hizi hawasemi "mpako wa mwisho", maana sakramenti hiyo ni ya kumtia mgonjwa nguvu, si ya kumsindikiza tu. Ukisubiri hadi mtu amepoteza fahamu umechelewa.)

Kuna jina moja ambalo limetembea sana hadi limesahau kwao, nalo ni "mlokole". Leo ukisema mlokole, watu wanaona mtu wa kanisa la Kipentekoste, spika kubwa, mkesha wa Ijumaa. Asili yake si huko. Neno limetoka Luganda, balokole, yaani waliookoka, na lilitokana na uamsho uliowaka miaka ya 1930 kati ya Waanglikana wa Rwanda na Uganda. Kituo cha Gahini nchini Rwanda ndicho kinachotajwa sana, pamoja na urafiki wa daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi. Walokole wale walikuwa Waanglikana na wakabaki Waanglikana. Walitubu dhambi zao mbele za watu, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaacha pombe, wakaitana ndugu bila kujali kabila wala Mzungu na Mwafrika, na wakawaudhi maaskofu wao kwa kusema waziwazi kwamba kuna wachungaji wasiookoka. Moto ukavuka mpaka ukaingia Bukoba kwa Waluteri. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huo. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Uganda Februari mwaka huohuo wakati wa Idi Amin, alikuwa mlokole. Wote wawili walivaa joho na kuongoza ibada kwa kitabu.

Wapentekoste wana historia yao nyingine. Chimbuko linalotajwa sana ni mikutano ya mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya mhubiri mweusi William Seymour. Wanasisitiza ubatizo wa Roho Mtakatifu na kunena kwa lugha, mambo ambayo walokole wa kwanza hawakuyafanya kuwa alama yao. Huku kwetu walikuja kwa njia nyingi, wengine kwa Waswidi, wengine kwa Wamarekani wa Assemblies of God, na wengine wameanzishwa na wananchi wenyewe. Kwa hiyo ukimwita Mpentekoste "mlokole", huenda asikasirike, maana siku hizi wengi wamelipokea jina hilo kwa furaha. Bali ukimwambia bibi wa Kagera au wa Kigezi kwamba ameacha Ulutheri au Uanglikana kwa sababu ameokoka, umemnyang'anya kanisa lake. Wapo pia Wakatoliki wa Karismatiki, uamsho ulioanzia kwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko Pittsburgh mwaka 1967. Wanapiga makofi, wananena kwa lugha, na Jumapili wapo kwenye Misa na rozari mfukoni. Jirani anawaita "walokole wa Kikatoliki". Wao wanajiita Wanakarismatiki, na nadhani wanajua.

Waanglikana ndio huwatatanisha wageni kuliko wote. Waliofundishwa na misheni ya UMCA, yaani Zanzibar, Tanga na Masasi, wana ubani, wanafanya ishara ya msalaba, wanasema "Misa" na wanamwita kiongozi wao "Padri". Waliofundishwa na CMS, kama Dodoma na Morogoro, wamezoea ibada nyepesi zaidi na "mchungaji". Kanisa ni moja, Kanisa Anglikana Tanzania. Nimeshuhudia mama wa Dodoma aliyeolewa Masasi akirudi nyumbani kulalamika kwamba mume amemdanganya, ni Mkatoliki!

Na sisi wauguzi tuna kichekesho chetu. Wagonjwa wanatuita "sista", na mara moja moja bibi wa kijijini huniuliza niko shirika gani la masista, na mbona nimevaa pete ya ndoa. Lakini hata sista wa kweli, mwenye kilemba na nadhiri, si lazima awe Mkatoliki. Moshi wapo masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema. Waanglikana wana Chama cha Mariamu Mtakatifu, kilichoanzia upande wa Masasi. Usimkabidhi rozari kwa haraka, muulize.

Waorthodoksi nitawataja kwa kifupi, ingawa wapo Bukoba, Mwanza na sehemu nyingi za Kenya, chini ya Patriaki wa Alexandria. Watu huwaita "Wagiriki", ilhali padre na waumini ni Wahaya au Wakikuyu. Wakopti, wale wenye hospitali Nairobi barabara ya Ngong, ni wa jamaa nyingine ya Kiorthodoksi. Hao wawili waliachana tangu Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451. Na Legio Maria wa Nyanza walijitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, wana papa wao wenyewe. Jina la Maria kwenye bango halitoshi kukuambia uko kwa Wakatoliki.

Jina likikosewa kwa kutojua husameheka upesi. Kinachoumiza zaidi ni kumpa mtu jina pamoja na imani asiyokuwa nayo. "Ninyi mnamwabudu Maria." Ukimwambia Mkatoliki hivyo, umemweleza jambo ambalo Kanisa lake linalikataa: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, Maria anaheshimiwa na kuombwa awaombee. Waweza kuona kwamba hata hilo si sawa, na Waprotestanti wengi wanaona hivyo. Basi bisha juu ya hilo analolifanya, usibishe juu ya lile usilomwona akilifanya. Kosa jingine la namna hii ni Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Nimewasikia walimu wa Biblia wakilieleza kana kwamba ni habari ya Yesu kuzaliwa na bikira. Kumbe linahusu Maria mwenyewe alipotungwa mimba tumboni mwa mama yake, nalo lilitangazwa rasmi na Papa Pius wa 9 mwaka 1854.

Upande wa pili, Wakatoliki wengine husema Waluteri "hawana Ekaristi, wanakula mkate tu". Luther aligombana na Waprotestanti wenzake akitetea kwamba Kristo yupo kweli katika mkate na divai, na Waluteri wanaamini hivyo hadi leo. Mwaka 1999, tarehe 31 Oktoba, Wakatoliki na Waluteri walitia sahihi Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa neema, lile jambo hasa lililowagawa. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Bado hawashiriki meza moja, lakini mambo wanayotofautiana si yaleyale tunayowasingizia.

Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo wote tunayo, ila tukiitaja kwa nambari tutagombana tena! Kwa Wakatoliki na Waluteri ni ya nane. Kwa Waanglikana, Wasabato, Wapentekoste na Waorthodoksi ni ya tisa. Maneno ya Kutoka 20 ni yaleyale, ni namna ya kuyahesabu tu. Ndiyo sababu pia Msabato akisema "amri ya nne" Mkatoliki anadhani anahubiriwa kuwaheshimu wazazi.

Yapo majina magumu, na sitaki nionekane kana kwamba upole unamaliza yote. Mashahidi wa Yehova hujiita Wakristo. Makanisa yetu mengi hayawahesabu hivyo kwa sababu hawaukiri Utatu Mtakatifu, wala hayautambui ubatizo wao. Siwezi kuwaandikia kwamba hiyo ni tofauti ndogo. Ninachofanya ni kusema mambo mawili bila kuyachanganya: wao wanajiita hivi, kanisa langu linafundisha hivi. Mtu akisikia hayo hajatukanwa, wala mimi sijaficha ninachoamini.

Halafu mwaka 2023 kulikuwa na ile habari ya kutisha ya msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Miezi iliyofuata, kila mama aliyefunga siku tatu kwa maombi aliulizwa kama naye amejiunga na "wale". Nilimsikia mkwe mmoja akimkataza mke wa mwanawe kwenda mkesha kwa sababu "walokole wanaua watoto". Kikundi kile kilikuwa kikundi kile, na yule mhubiri alishtakiwa kwa jina lake. Wapentekoste wa Kenya waliwazika ndugu zao humo na wakakilaani kitendo kile kama sisi. Hata hivyo nisemapo tusiwatie wote kapu moja, sisemi tufumbe macho. Kiongozi anayekataza wajawazito wasiende kliniki, au watoto wasipewe chanjo, ripoti hiyo ipelekwe serikali ya mtaa hata kama kanisa lake lina jina zuri namna gani.

Nimalizie kwa akina mama wenzangu tunaotembelea wagonjwa, WAWATA, Dorkasi, Umoja wa Wanawake na wengineo. Mnakuja mkiwa kumi, mna uji na matunda, Mungu awabariki. Ila nawaomba msianze kitandani kwa "Umeokoka?" wala kwa "Umepokea sakramenti?" Swali letu zuri la Kiswahili lipo: "Mama, unasali wapi?" Halimshtui mtu. Akikujibu "Pale Moravian", usimwambie "Aa, kama Waluteri tu." Mwulize kama angependa aitwe mtu wa huko, na mpe nesi namba ya simu iandikwe mbele ya faili.

Kwa wenye watoto wachanga walio mahututi muwe waangalifu zaidi. Mkatoliki, Mluteri na Mwanglikana watataka mtoto abatizwe palepale, na kama mtumishi hayupo Mkristo yeyote aweza kufanya hivyo kwa maji na kwa jina la Utatu. Andika jina, saa na aliyebatiza, karatasi ifike kanisani kwao. Mpentekoste na Msabato hawabatizi watoto; wao watapenda mtoto aombewe na kukabidhiwa kwa Bwana. Muulize mama aliyezaa. Bibi akija na chupa ya maji mfukoni na mama hataki, mtoeni nje kwa heshima, mkampe kiti na chai.

Na wapo watakaokujibu, "Siku hizi sisali popote." Huyo usimwandikie jina lolote. Mmenyee chungwa, umwulize watoto amewaacha na nani.